Njia ya Penseli

Skana haikuwa na kosa. Iliambiwa isafishe, nayo ikasafisha: ikaondoa madoa ya chai, alama za vidole, mikunjo na vumbi la miaka, na pamoja na hayo ikaondoa kila njia iliyochorwa kwa penseli. Ramani zikatoka nyeupe pee, na wakubwa wa ofisi ya ardhi wakapigiana makofi.

Bi Rula hakupiga. Alikuwa amesimama nyuma ya chumba cha mkutano, karibu na jagi la maji, akiikodolea macho ramani iliyomulikwa ukutani. Alikuwa akitafuta vijia alivyovichora kwa mkono wake mwenyewe, akaviona havipo hata kimoja.

Hili la penseli linataka maelezo, maana hata vijana wa kompyuta walipoelezwa walidhani wanataniwa. Ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Wino ulikuwa wa serikali: barabara na hifadhi zake, mipaka ya viwanja, mabomba makubwa, nguzo za umeme. Penseli ilikuwa ya watu. Mtu akikubaliana na jirani yake ampe pa kupita, walikuja ofisini wote wawili, wakaonyesha kwa kidole, na mchoraji akapitisha penseli laini juu ya ramani. Kuitia wino njia kama hiyo kulidai tangazo, mwanasheria, na saini ya mkubwa ambaye hakuonekana ofisini ila siku ya kuagwa. Penseli haikudai kitu. Na kwa kuwa watu waliiheshimu kuliko wengine wanavyoheshimu mhuri, njia zile zilidumu. Watoto walizaliwa wakapita humo, wakaolewa wakapita humo, wakarudi na wajukuu wakapita humo humo.

Jina la Bi Rula alipewa na wenzake, na halikuwa tusi kabisa. Alikuwa mchoraji wa ramani tangu usichana wake, na maisha yake yalinyooka kama mistari yake. Kalamu ya ofisi haikufika nyumbani kwake. Ukimpelekea soda ili jambo lako litangulie, alikurudishia soda na jambo lako likarudi mwisho wa foleni. Watu wa namna hii husifiwa sana kwenye misiba yao. Wakiwa hai, wanachosha.

"Njia za penseli ziko wapi?" aliuliza siku ile.

"Bi Rula," mkuu wa kitengo akasema, "mfumo mpya hauijui penseli. Unajua data."

Watu wakacheka. Yeye akauliza tena, na mkutano uliofuata akauliza tena, na ule mwingine, mpaka ikaonekana ni nafuu kumkubalia kuliko kumsikiliza. Ikaamuliwa lifunguliwe dirisha: kila njia ya makubaliano iingizwe upya, kwa saini ya anayetoa njia na saini ya anayepita. Mwisho wa mwezi wa sita dirisha lingejifunga lenyewe, hati mpya zichapwe, na njia isiyoingizwa ihesabiwe kuwa haijawahi kuwapo. Mtoto akililia wembe, mpe. Kazi hiyo akapewa Bi Rula, pamoja na mwenzake waliyemwita Bwana Subiri.

Bwana Subiri alikuwa mtu mwema. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kuchangia harusi na misiba, na mzito wa kila kitu kingine.

Sasa, Bi Rula alikuwa na dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Sare yake ya kwanza ya shule ilitoka kwenye cherehani ile, na ada vilevile. Baba yao alipogawa kiwanja chake, sehemu ya mbele, inayotazama barabara, alimpa kaka yao. Ya nyuma akampa dada, pamoja na kijia ubavuni, cha upana wa watu wawili kupishana bila kusukumana. Bi Rula tayari alikuwa na nyumba ya kazi, akasema hataki kitu. Nyuma ya kiwanja cha dada palikuwa na korongo. Kushoto ukuta wa ghala, kulia ukuta wa shule. Kijia kile ndicho kilichokuwa mlango wake wa kuifikia dunia.

Siku baba yao alipokwenda ofisini kukichoresha, Bi Rula alikuwapo, naye alikataa kukichora. Alichonga penseli tu, akampa mkuu wake wa wakati huo. Tangu hapo alikuwa hivyo.

Kaka alikwisha kufa, na sehemu ya mbele ilikuwa ya mwanawe. Kijana huyo alipopelekewa karatasi ya njia alisaini huku amesimama, bila hata kuisoma. Dada akasaini juu ya meza ya cherehani, akaipuliza wino ukauke. Karatasi ikawa kamili. Bi Rula akaipeleka ofisini, akaiweka mbele ya Bwana Subiri.

"Hii ni ya dada yangu. Mimi sitaigusa. Naomba uiingize wewe."

Bwana Subiri akaitazama, akamtazama na yeye. "Si umeshafungua mfumo hapo kwako? Bonyeza tu. Dakika moja."

"Kinyozi hajinyoi."

"Hajinyoi, lakini nani kamkataza kumnyoa dada yake?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Bi Rula hakucheka. "Kanuni imekataza. Mtumishi asishike jambo la ndugu yake."

"Haya, iweke hapo, bibi wee. Subira yavuta heri."

Akaiweka kwenye trei yake. Bwana Subiri akaweka kikombe cha chai juu yake, wala si kwa dharau. Ndipo alipokuwa akiweka kikombe siku zote.

Miezi ile Bi Rula alifanya kazi kama aliyelogwa. Aliwapigia watu simu wakiwa sokoni, akawafuata wakiwa hospitali, akapatanisha majirani waliokuwa hawasalimiani ili tu wasaini ukurasa mmoja. Aliingiza njia ya tanuri la mkate, njia ya kwenda kisimani, njia ya mzee mmoja aliyemtukana kwenye simu kwa kudhani ni tapeli. Kila asubuhi alipita kwenye meza ya mwenzake, akaona pembe ya karatasi ya dada yake ikichungulia chini ya kikombe. Mara moja tu alijikaza.

"Ile karatasi..."

"Subiri, ninayo kichwani."

Akarudi kwenye meza yake. Kumhimiza kungekuwa kumshinikiza, na kumshinikiza kwa ajili ya ndugu ni upendeleo, na upendeleo ndio aliokuwa akiukimbia tangu aanze kazi. Alifikiri hivyo kwa dhati kabisa, na hakuna aliyekuwa karibu wa kumwambia kwamba huo nao ni ujinga.

Jumapili alikwenda kwa dada yake, wakakaa mlangoni. Miguu ya dada ilikuwa imevimba. Presha ilikuwa imemkaa mwilini, na kila wiki alikwenda kliniki polepole, akijishikilia kwenye ua wa kile kijia. Viatu vyake vya kutokea vilikaa daima kizingitini, vimeelekezwa nje.

"Na njia yangu umeshaiandika?"

"Iko kwa mwenzangu."

"Mwenzako yupi?"

"Bwana Subiri."

Dada alicheka mpaka kastabani ikamdondoka kidoleni. "Mdogo wangu! Jina lote hilo umelisikia, na bado ukampa?"

Wiki ya mwisho ya mwezi wa sita Bwana Subiri alipelekwa mji mwingine kwenye mafunzo ya mfumo huo huo. Bi Rula akaenda kwa mkuu wa kitengo.

"Kuna karatasi moja imebaki kwenye trei yake. Naomba apewe mtu mwingine."

"Mtu gani? Wote wako mafunzoni. Wewe una nywila, iingize."

"Ni ya dada yangu, mkuu."

Mkuu wa kitengo akavua miwani, akajifikicha macho. "Basi usingeniambia kwamba ni ya dada yako," akasema, akarudi kwenye kazi zake.

Ilipofika alasiri ya siku ya mwisho, ofisi ilikuwa tupu, feni zinazunguka bure. Bi Rula aliinua kikombe cha Bwana Subiri, akatoa karatasi, akaketi kwenye kompyuta yake, akafungua kiwanja cha dada. Kikajitokeza kwenye kioo kimezungukwa na mistari pande zote, safi, bila mwanya. Akaandika namba ya kwanza. Akaandika ya pili. Ilibaki kubonyeza.

Aliogopa nini? Hakuna aliyemwona, na hata angeonekana hakuna ambaye angejali. Mkuu alikwisha kumwashia taa ya kijani. Aliogopa kuamka kesho yake akiwa kama wengine wote. Alikuwa hana mume wala watoto, hakuwa na kiwanja, hakuwa na cheo. Alichokuwa nacho ni kwamba hajawahi kupinda. Akajiambia kwamba lazima kutakuwa na rufaa, serikali haiwezi kukosa rufaa. Akafuta namba ya pili, akafuta ya kwanza. Akairudisha karatasi kwenye trei, akainyoosha ikae sawa na ukingo, akaweka kikombe juu yake kama alivyokikuta.

Dirisha likajifunga lenyewe, kama lilivyoahidi. Mashine ile haikuwa na tabia ya kusubiri.

Hati mpya zilipotoka, mwana wa kaka akauza sehemu yake. Bi Rula alizipata habari kwa dada yake, akampigia kijana simu akiwa bado amesimama kituo cha basi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umeuza na njia ya shangazi yako?"

"Njia ipi? Hati haina njia."

"Wewe mwenyewe ulisaini!"

"Nilisaini, shangazi. Mlikuja nikasaini siku ile ile, sikuwazungusha. Sasa kama nyinyi mlikaa nayo, mimi nifanyeje? Ningemwambia mnunuzi kuna njia wakati serikali inasema hakuna, si angeniona tapeli?"

Bi Rula alikata simu kwa adabu, baada ya kumwuliza hali ya watoto.

Mnunuzi naye angekuwa mtu jeuri, ingekuwa nafuu, kwani mtu jeuri unaweza kumlaani ukalala. Alikuwa muungwana. Alimpa Bi Rula kiti, akamfungulia ramani kwenye simu yake, akamwonyesha kwa kidole.

"Mama, mimi nimenunua nilichoonyeshwa. Angalia mwenyewe. Ofisi yenu hii, siyo?"

"Ndiyo. Ofisi yetu."

"Basi."

Akajenga ukuta, na upande wa barabara akaweka geti la chuma lenye kufuli kubwa. Kwa huruma yake aliwaachia ngazi ya mbao ya kupandia ukuta, ambayo dada wa miguu iliyovimba angeitumia labda kuanikia nguo. Kisha akarudi mji alikokuwa akiishi, kusubiri fedha za kumalizia ujenzi.

Dada akabaki nyuma ya ukuta. Wiki za mwanzo wanaume wa jirani walimbeba kwenye kiti cha plastiki, wakashuka naye korongoni na kupanda upande wa pili, mpaka siku ya mvua walipoteleza, kiti kikaenda huku na dada kule. Baada ya hapo akakataa. "Sibebwi tena kama gunia la mkaa," akasema. Bi Rula akawa ndiye anayeleta dawa na unga. Alivua viatu vya ofisi, akavitia kwenye mfuko, akashuka korongoni miguu mitupu, yeye aliyewaandikia watu wa mji mzima mahali pa kupita.

Alipeleka malalamiko. Mkuu wa kitengo alimwambia ukweli wa kanuni, na kanuni ilikuwa imenyooka kama rula. "Ushahidi wako hauhesabiki. Wewe ni ndugu." Ramani za karatasi zilikuwa zimefungiwa kwenye makontena mbali huko, na hata zingeletwa, penseli haikuwa hoja. Mahakama ilipanga kusikiliza shauri mwaka unaofuata.

Dada hakumlaumu hata siku moja. Bi Rula alitamani alaumiwe. Angetukanwa, angelia, wangeyamaliza. Badala yake siku moja dada, akitia uzi kwenye sindano, aliuliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

"Zile za watu wengine, umeziandika?"

"Nimeziandika."

"Zote?"

"Zote, dada."

Dada akakata uzi kwa meno. "Basi umefanya kazi nzuri," akasema, na alikuwa hana kejeli.

Simu ilikuja mchana, Bi Rula akiwa kazini. Dada alisema kifua kinambana, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa usumbufu. Bi Rula akaita gari la wagonjwa, akatoka mbio kutafuta teksi. Akiwa njiani dereva wa gari la wagonjwa akampigia.

"Mama, tuko hapa barabarani. Ramani inatuonyesha nyumba, ila haituonyeshi njia. Tunaona ukuta na geti lenye kufuli. Tupite wapi?"

Ramani hiyo ilitoka ofisini kwake. Bi Rula akaanza kueleza kwa mdomo, teksi ikiyumba: warudi mpaka mwisho wa ghala, washuke, waache gari, waangalie jiwe kubwa, wasipite kulia kuna matope, wapande. Dereva alikuwa akirudia kila neno kwa wenzake. Akakosea kulia na kushoto. Wakarudi wakaanza upya. Bi Rula akasikia pumzi zao kwenye simu, akasikia mmoja anateleza na kulaani, na alijua kwamba kwenye ramani ya karatasi jambo hili lote lilikuwa mstari mfupi kuliko kidole cha mtoto.

Walimkuta dada sakafuni, karibu na kizingiti. Alikuwa amevaa kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa mkononi.

Alitolewa kupitia korongoni. Watu sita walimbeba, na mara hii waliteleza pia, ila hawakumwachia. Nyuma yao alifuata Bi Rula na kile kiatu, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia akiache. Msibani Bwana Subiri alikuwa wa kwanza kuchangia. Alilia kwa machozi ya kweli, akamshika Bi Rula mikono miwili, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Bi Rula akamwitikia amina. Alimtazama usoni, akagundua kwamba mwenzake haikumbuki kabisa ile karatasi.

Miezi ikapita. Malalamiko yalikuwa yamejaa nchi nzima, watu waliofungiwa ndani na watu waliofungiwa nje, mpaka wakubwa wakatangaza kwamba dirisha litafunguliwa tena kwa wote waliokosa mara ya kwanza. Ilisemwa kwenye redio kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Ofisini watu wakarudi kwenye meza zao na trei zao.

Asubuhi ya kwanza Bi Rula aliwahi kufika. Akaenda kwenye meza ya Bwana Subiri, akainua kikombe, akapekua. Karatasi ilikuwapo, chini kabisa, na duara la chai lilikuwa limekauka juu ya saini ya dada yake. Akaenda nayo kwenye kompyuta.

Kanuni haikuwa imebadilika. Kwa kweli ilikuwa imemkaza zaidi, maana dada hakuacha mtoto, na mrithi wa kile kiwanja alikuwa ni yeye. Zamani ingekuwa jambo la ndugu yake. Sasa lilikuwa lake mwenyewe, waziwazi, la kumfukuzisha kazi mtu. Akaandika namba ya kwanza. Akaandika ya pili. Akabonyeza.

Alama ya kijani ikajitokeza. Kwenye kioo mstari mwembamba ukachomoka barabarani, ukapita ubavuni mwa kiwanja cha mbele, ukapenya ukuta kana kwamba hakuna ukuta, ukaenda moja kwa moja mpaka mlangoni mwa nyumba isiyo na mtu. Ulikuwa wa wino.

Watu walikuwa wameanza kuingia. Bwana Subiri alipita na chai yake ikifuka moshi, akasimama nyuma yake kidogo bila kutazama kioo.

"Zinakwenda, Bi Rula?"

"Zinakwenda."

"Umeona? Si nilikwambia. Dakika moja tu."

"Dakika moja," Bi Rula akajibu, akavuta karatasi inayofuata.